Esnah Mokeira na Kuku wa Mnada wa Kanisa

Marehemu Esnah Mokeira Chepyegon alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la majani chai, Kericho. Alikuwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Gekara, aliyetoka Kisii kuja kuchuma chai, na Mama Gesare, aliyeketi nasi hapa mbele. Mwaka wa 1984 Mzee alinunua shamba dogo Sosiot, na huko ndiko Mokeira na kaka yake mdogo, Onyiego, walikolelewa. Wengi wenu mnalijua boma hilo. Kwa miaka miwili mmelitaja kwa minong'ono, kwa hivyo leo litatajwa kwa sauti.

Alisomea Belgut, shule ya msingi na ya upili, akamaliza mwaka wa 1996. Akiwa darasa la sita alikataa uji wa shule mpaka mpishi aoshe mwiko ulioanguka chini. Foleni nzima ikasimama. Mpishi alimwita mjeuri, lakini aliuosha. Baadaye alihitimu stashahada ya maabara mwaka wa 2000 na kuajiriwa hospitalini.

Tarehe 7 Desemba 2002 alifunga ndoa na Bwana Kipchirchir Chepyegon wa hapa Ndanai. Siku hiyo hiyo aliingia jikoni na shela kichwani, akafunua sufuria, akakuta kuku bado ana damu kwenye mfupa. Alimrudisha motoni. Wageni walikula saa kumi, wengine wamenuna, na mumewe husema hapo ndipo alipojua ameoa nani.

Kuanzia mwaka wa 2019 alijiunga na utafiti wa Salmonela sugu, yaani vijidudu vya kuharisha na homa ambavyo dawa za kawaida zimeshindwa kuviua. Kazi yake ilikuwa kukifuata kijidudu kutoka choo cha mgonjwa hadi sufuria yake, na kutoka sufuria hadi banda alikotoka kuku.

Januari 2023 watoto walianza kuugua, dawa ikawa haishiki. Rebeccah, mchuma chai, alimzika mwanawe Kipchoge, wa miaka miwili. Mokeira alitembea nyumba kwa nyumba, Sosiot hadi Sigor. Kila nyumba yenye mgonjwa ilikuwa na kuku aliyenunuliwa kwenye mnada wa mavuno wa kanisa, Novemba iliyotangulia. Kuku hao wote walitolewa sadaka na mtu mmoja, na mlimpigia makofi: Shemasi Onyiego, kaka yake, aliyebaki kwenye boma la Sosiot. Alikuwa akiwawekea kuku wake antibiotiki kwenye maji kila siku, wagonjwa kwa wazima, kwa sababu mwenye duka la dawa za mifugo alimwambia wangetaga zaidi. Vijidudu vinyonge vikafa, vile sugu vikabaki na kuzaana.

Kuku wa mnada walipimwa wakakutwa navyo. Kilichobaki ni banda lenyewe, lipimwe, na ile dawa ikome. Afisa mmoja wa mifugo alifika, akala chakula cha mchana, akaenda zake. Basi Mokeira akaenda mwenyewe na vichupa vyake vya kuchukulia sampuli. Onyiego alimzuia langoni.

"Mokeira, ukikuja kama dada, ingia ukunywe chai. Lakini ukikuja na hizo vichupa zako, hii gate haifunguki."

"Onyiego, tumezika mtoto wa wenyewe. Hiyo chai nitaimeza aje?"

Lango halikufunguliwa, siku hiyo wala siku nyingine alizorudi. Mayai yakaendelea kuuzwa. Kanisani aliambiwa anaaibisha boma la baba yake, akatolewa kwenye kwaya. Nyinyi mliokuwa mkimpita njiani bila salamu mmekuja leo na leso za kufutia machozi. Familia imewaona.

Oktoba 2024 marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya damu. Matibabu yalimpunguzia kinga ya mwili. Wageni walimletea mayai, kama tunavyofanya sote kwa mgonjwa, na hakuna aliyeuliza yametoka kwa nani. Yai lilikorogwa kwenye uji wake vuguvugu. Yule aliyekuwa akikagua kila mwiko hakuwa na nguvu tena za kuuliza, akanywa.

Homa ilimpanda tarehe 3 Mei 2025. Alimwita Omwenga, mwenzake wa maabara.

"Toa damu yangu, ulinganishe vijidudu vyake na vile vya kuku wa mnada. Na usinifiche, Omwenga."

Omwenga hakumficha. Vinasaba vya vijidudu vilikuwa vilevile. Dawa mbili zilishindwa na ya tatu ilichelewa, na Esnah Mokeira alifariki asubuhi ya Jumatatu, tarehe 19 Mei, akiwa na umri wa miaka 47. Saratani ilimdhoofisha. Kilichomuua kilitoka Sosiot.

Alikuwa ameacha ombi moja, kwamba gari la kumtoa mochari lipitie kwa kaka yake. Jana lilisimama pale langoni. Onyiego alifungua mwenyewe, pande zote mbili, akalikumbatia jeneza akilia, "Dada, ingia." Akaingia bila vichupa, kama alivyoagizwa.

Ameacha mume, Kipchirchir. Mama yake mzazi, Gesare. Watoto wawili, Bethwel na Fancy, anayewasomea wasifu huu. Na kaka mmoja, Onyiego. Kuku aliowaleta kwa chakula cha leo hawakuchinjwa, bado wako kwenye tenga kando ya choo. Vichupa vya marehemu sasa viko kwa Omwenga, na Jumatatu atafika Sosiot. Mjomba, lango ulilolifungulia jeneza usimfungie yeye.

Mungu ampe Mokeira pumziko ambalo sisi hatukumpa. Jumatatu familia yake itakuwa langoni.