Mbwa Aliyemng'ata Mwenye Nyumba: Maneno ya Mjomba Siku ya Kumuaga Daktari Wetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa hospitali yetu. Waheshimiwa madaktari na wauguzi mliofuatana naye. Wazee wetu wa pande zote mbili. Dada yangu mpenzi, mama wa mwenye shughuli. Mpwa wangu, ambaye leo nakuita Daktari ingawa mikono hii ilikufuta kamasi. Ndugu wageni waalikwa, pamoja na nyinyi mliojialika, nanyi nawaona.

Kwa wale wachache wasionijua, mimi ndiye mjomba. Yale mabenchi marefu ya kusubiria pale kliniki niliyaranda mimi, peke yangu, na mbao zake nilizichagua kwa kuzigonga na kuzisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Kwa hiyo hakuna mgonjwa aliyepona katika mji huu bila kwanza kukalia kazi yangu. Mgeni Rasmi anatibu, sikatai, lakini nani anayewapokea? Ukitazama kwa haki, utaona kwamba sekta nzima ya afya imenikalia mimi.

Shule tuliachana mapema, kwa makubaliano ya pande zote. Lakini ugonjwa wa dada yangu nimeusoma kuliko wengine walivyosoma vitabu vyao. Na kwa kuwa mpwa wangu anapanda basi kesho kwenda kuanza kazi mbali, amenituma neno moja tu mbele yenu: mama yake amepata nafuu, na kwa sababu amepata nafuu, ameanza kusema anaacha dawa. Basi leo hatuondoki hapa mpaka nimepata jibu lake. Msiwe na wasiwasi na chakula. Nimepita jikoni, bado.

Ndugu zangu, dada yangu ni fundi cherehani. Koti hili mnalolionea wivu kalishona yeye. Lakini mwaka juzi mikono ile ilivimba. Asubuhi akiamka, vidole havikunji, mkasi haushikiki, hata kifungo cha nguo yake mwenyewe anafungiwa na jirani, mpaka jua lipande ndipo vilegee kidogo. Mteja anasubiri gauni, naye amekaa mbele ya cherehani analia kimya kimya.

Je, ukoo wetu mtukufu ulifanya nini? Ulikaa kikao! Sijapata kuona madaktari bingwa wengi namna ile katika sebule moja. Shangazi akasema ni baridi, na akamvalisha soksi mikononi, mwezi wa joto. Binamu mmoja, huyo hapo anayejifanya anatafuta kitu chini ya kiti, akasema ni kijicho cha majirani. Mzee akasema ni maji ya bomba. Nikauliza, mbona sisi wote tunayanywa? Akanijibu, "Wewe kaa kimya, hata la sita hukumaliza." Nilinyamaza, ila nilinyamaza kisomi.

Ndipo akatokea shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tuliyezoea kumwita Profesa. Simama kidogo, shemeji, watu wakuone. Hataki. Basi kaa. Profesa alikuja na dawa ya asili ndani ya chupa za soda, mizizi aliyoifuata, alivyodai, juu ya mlima ambao hakuna binadamu mwingine aliyewahi kuupanda. Dada akanywa. Waheshimiwa, siku ya pili tu mikono ikafunguka! Akashona, akapika, akacheza. Mashavu yakajaa, uso ukawa mviringo kama sahani, nasi tukampigia makofi: "Dada umenawiri! Umekula nini?" Kila mtu akataka chupa yake. Mimi nilionja tu, kwa ajili ya uchunguzi.

Je, kuna watu wengine chini ya jua wanaoweza kuushangilia ugonjwa? Ule unono haukuwa afya. Ilikuwa ni dawa inamvimbisha uso. Na Profesa aliposafiri na chupa zikaisha ghafla, dada yangu hakuweza kuinuka kitandani. Alikuwa kama nguo iliyovuliwa. Mpwa wangu, wakati huo bado mwanafunzi, akaja mbio, akaigeuza ile chupa, akaona unga mweupe umetulia chini. "Mjomba," akaniambia, "mizizi gani hii inayoacha unga wa vidonge?" Hospitali ikathibitisha. Ndani ya ile mizizi ya mlimani kulikuwa na vidonge vya steroidi vilivyotwangwa, vya dukani kabisa. Sasa shemeji, mlima ule una duka la dawa kileleni?

Naona mnacheka. Chekeni. Siku ile hatukucheka. Tulikuwa tunampoteza.

Sasa nifafanue ugonjwa wenyewe, na Mgeni Rasmi anisahihishe nikikosea, jambo ambalo sitarajii. Mnamkumbuka mbwa wangu, Jenerali. Mbwa yule alikuwa mkali hata mwizi akipita mtaa wa pili anaomba radhi kwa sauti. Siku moja, mchana kweupe, narudi nyumbani na kofia mpya, Jenerali akanidaka muundi. Mimi! Ninayemlisha! Basi mwili wa binadamu una Jenerali wake, anaitwa kinga. Ukichomwa na mwiba, kinga inakimbilia pale. Panakuwa pekundu, panapata joto, panavimba, panauma. Hiyo ni vurugu ya heri, maana adui akiondoka, nayo inaisha. Lakini kwa dada yangu, Jenerali amemsahau mwenye nyumba. Ameingia kwenye viungo vyake, anavitafuna, na asipozuiwa anavipinda moja kwa moja. Madaktari wanaita baridi yabisi. Shangazi, pamoja na hilo jina, soksi hazihusiki! Kwa watu wengine Jenerali huvamia ngozi, kwa wengine utumbo. Ni mbwa yuleyule, vyumba tofauti.

Na tiba je? Kidonge cha maumivu ni sawa na mimi kutuliza maumivu huku Jenerali bado kaning'ang'ania muundi. Nafuu napata, lakini nyama inakwenda. Steroidi ni rungu. Ukimpiga nalo analala papo hapo, ila akilala, na wezi wa kweli wanapita, yaani maradhi mengine. Mgeni Rasmi, usinikazie macho, sijasema rungu ni baya! Mpwa wangu amenieleza kwamba lina siku yake, likiwa mkononi mwa daktari, kwa kipimo, na likipunguzwa polepole. Maana mwili una kirungu chake kidogo cha kuzaliwa nacho. Ukiletewa kikubwa kila siku, unaacha kukitengeneza. Siku Profesa alipoondoka na rungu lake, dada akabaki mikono mitupu.

Dawa yenyewe ni kile kidonge cha wiki alichopewa hospitali. Mara moja kwa wiki, wala si kila siku, nasisitiza kwa ajili ya binamu zangu wanaopenda kuongeza ili wapone haraka. Hicho kinamfundisha Jenerali upya: huyu ndiye mwenye nyumba, usimng'ate. Na mafunzo ni ya taratibu. Miezi ya kwanza dada alisema halioni badiliko lolote, akamwita binti yake mwongo. Anapimwa damu mara kwa mara, ini liangaliwe, na bia ameambiwa aisahau. Polepole vidole vikarudi. Mkasi ukashikika. Koti hili likazaliwa.

Sasa dada, nakugeukia wewe. Unasema umepona. Nani kakwambia? Jenerali amekaa wiki kadhaa hajang'ata, nawe unataka kumfungulia geti na kumfukuza mwalimu! Binti yako anaondoka akiwa na moyo mzito, si kwa sababu ya kazi mpya, bali kwa sababu anajua tukibaki peke yetu, sebule ile itajaa mabingwa tena. Mbele ya Mganga Mkuu, mbele ya wazee, sema: utaendelea au huendelei?

Nini, dada? Paza sauti, wageni wasikie.

Anasema ataendelea. Mpigieni makofi! Subirini, hajamaliza. Anasema... dada, hilo ni la nyumbani. Anasema hapa ni nyumbani. Haya. Anasema atameza kila wiki bila kukosa, "iwapo huyo mdomo mrefu atatuonyesha vidole vyake mwenyewe."

Mpwa wangu, usicheke. Umemwambia mama yako?

Vizuri. Ndugu wageni waalikwa, ni kweli kwamba miezi ya karibuni randa imekuwa nzito kidogo asubuhi. Nilidhani ni mbao za siku hizi. Mpwa wangu akanishika vidole, akavibonyeza, akanituma maabara nikatolewe damu, mapema, kabla viungo havijaharibika, kwa maana anasema ugonjwa ukiwahiwa ndipo unatulizwa. Nami nikarudi nikamwambia majibu bado.

Dada, mkataba nimeukubali. Wewe kidonge, mimi damu. Mganga Mkuu ni shahidi. Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kumlea binti yetu kikazi. Wazee, tunawashukuru kwa baraka. Profesa, tunakushukuru kwa kuja bila chupa. Na nyote nawashukuru kwa kunipa masikio yenu kwa muda wote huu, wengine hata bila kusinzia.

Ila si majibu yaliyokuwa bado, ni damu yenyewe sikutoa. Siku ile nilifika mpaka mlangoni pa maabara, nikaiona sindano mkononi mwa yule binti mpimaji, nikatoa bisibisi mfukoni, nikaikaza bawaba ya mlango ambayo haikuwa imelegea, nikamuaga nikaenda zangu. Kesho asubuhi, kabla ya basi, mpwa wangu atanisindikiza. Nimemwomba anishike mkono, na anifunike macho.