Kinywaji Nilichombadilishia Verna

Mheshimiwa Diwani Roxanne Pruitt, uliyekiacha kikao cha mipango ya kuzoa theluji ukaja kukaa nasi. Bwana Merle Haugen, mwenye baa hii, uliyetuvumilia miaka yote bila kutufukuza. Bibi Harriet Oyen wa maktaba ya mji. Ndugu wanachama wa Chama cha Waandishi wa Riwaya za Mapenzi, tawi la Duluth. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe, Verna Kinnunen, ambaye leo, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, umekaa upande huu wa kaunta na hujui mikono uiweke wapi: habari za mchana.

Naitwa Curtis Dahlgren. Mimi ni mwenyekiti wa chama hiki kwa sababu wengine wote walikataa. Kamati imenipa dakika kumi, na katibu wetu, Bernadette Thibert, amenishika mkono pale mlangoni akaniambia, "Curtis, sema mawili matatu ya kuchekesha, muage mama wa watu, ukae chini." Ya kuchekesha nitayasema, Bernadette, usinikazie macho. Kukaa chini ndiko kutakakochelewa. Verna anapanda ndege Jumamosi, anakwenda kuishi na dada yake Oregon, harudi. Na kabla hajaondoka kuna msamaha ambao ni lazima nimwombe mbele yenu, kwa sababu kosa lenyewe sikulifanya chumbani. Nililichapisha.

Kwa mlio wageni, nieleze kwanza Jumanne zetu. Kila Jumanne saa kumi jioni chama hukutana hapa, na tuna sheria moja tu tunayoiheshimu. Mwandishi yeyote mwenye sura ambamo watu wawili wanatongozana baa haruhusiwi kuamua wanakunywa nini mpaka awapeleke kwa Verna. Unasimama kaunta, unamweleza watu wako: wana umri gani, wamevaa viatu gani, nani aliwaacha mara ya mwisho, na kwa nini. Jina la kinywaji hulitaji kabisa. Verna anafuta kaunta, anakuuliza maswali, kisha anachanganya glasi mbili na kukuwekea mbele yako. Unazinywa zote, ya mwanamume na ya mwanamke, ndipo unaruhusiwa kwenda kuandika.

Kwa nini tulijifunga kwa sheria kama hiyo, sisi watu wazima? Kwa sababu tuna ugonjwa. Tukishawakalisha watu wawili baa, mwanamume tunampa wiski kavu, mwanamke tunampa mvinyo mwekundu, tunajipongeza, tunaona mapenzi yamekwisha kuandikwa. Verna alikuwa akituambia, "Wiski kavu kila siku? Wanaume wenu wote wana koo la chuma?"

Bernadette alimletea lodi, kabaila wa Kiingereza wa zamani, mwenye ngome na farasi. Akavunja sheria pale pale. "Shampeni, bila shaka. Huyu ni lodi."

"Mimi sijakuuliza cheo chake, mama," Verna akasema. "Nimekuuliza anaogopa nini."

Bernadette akafikiri, akasema, "Anaogopa mikono yake itatetemeka, yule binti aione."

"Halafu wewe unampa kiglasi chenye mguu mwembamba kama wa korongo? Unataka kumuua? Mpe kitu cha kushika kwa mikono miwili." Akampikia mvinyo wa tufaha, moto, kwenye kikombe kikubwa cha bati. Wasomaji hadi leo wanamwandikia Bernadette kuhusu kikombe kile, na yeye anajibu barua kana kwamba ni wazo lake. Msinizomee mimi, mzomeeni yeye.

Na Gus Zelinski, yule pale nyuma anayejificha! Gus alimletea kiumbe wa sayari nyingine mwenye vichwa viwili, anamtongoza rubani mwanamke. Baa nzima ilicheka. Verna hakucheka. Aliuliza, "Vichwa viwili, matumbo mangapi?" Gus akasema moja. "Basi rahisi. Kichwa kimoja kinywe bia, kingine kiongee, na kile kinachokunywa kiwe ndicho kinachompenda kweli." Gus akaomba kalamu.

Sasa niambieni, huo ni uhudumu wa baa? Sisi tulikuwa na shahada, tulikuwa na semina, tulikuwa na kikombe cha ushindi kule Minneapolis ambacho Gus anakitumia kuweka misumari. Lakini aliyejua watu wanatongozana vipi alikuwa yule aliyesimama mbele yao akikausha glasi. Alikuwa akisema, "Wanaotongozana hawana kiu. Wanataka kitu cha kushika huku mdomo unatafuta maneno." Mimi maneno hayo niliyaandika kwenye kadi, nikaibandika juu ya meza yangu, na bado nikafanya nilichofanya.

Haya. Nimeyasema ya kuchekesha.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, Februari, siku ambayo baridi ilifukuza watu wote tukabaki wawili tu hapa ndani, nilimletea Verna watu wangu. Mwanamume ni fundi seremala, ameachika, ana maneno mengi yasiyo na faida. Mwanamke ana miaka hamsini, anafanya kazi baa, akicheka anaziba pua, na kila kitabu anaanza kukisoma ukurasa wa mwisho ili ajue kama kinastahili muda wake. Mnacheka? Mmeshamjua. Na yeye alijijua kabla sijafika kwenye pua. Nilitaka ajijue! Mimi ndiye mtu anayeandika kurasa mia tatu za mapenzi kila mwaka, lakini kumtazama mwanamke mzima usoni nikamwambia nakupenda, hilo lilinishinda. Nikamtuma seremala.

Verna aliifuta kaunta ile mpaka nikadhani ataitoboa. Kisha akaniambia jambo ambalo, alisema, hapa mjini hakuwahi kumwambia mtu. Nalisema leo kwa ruhusa yake, nimeipata asubuhi. Ile glasi yake ya siku zote, inayokaa pembeni ya mashine ya barafu, ambayo sisi sote tulidhani ni jin, ilikuwa maji ya soda na ndimu. Verna hanywi. Aliacha miaka miwili kabla hajaanza kazi hapa, baada ya kukuta asubuhi moja kwamba siku ya kuzaliwa ya binti yake imepita jana na yeye hakumbuki hata kipande chake. Akaja kufanya kazi katikati ya chupa, na kila siku, kwa miaka yote hii, aliwamiminia wengine kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa anakiogopa.

Akachanganya glasi mbili. Ya seremala ilikuwa bia nyepesi, "asije akalewa akaanza kusema uongo." Ya mwanamke ilikuwa soda, ndimu, na vipande viwili vya barafu. Akaisukuma kwangu, akasema, "Huyu ndiye yeye, Curtis. Ukimwandika, mwandike hivi. Huyo seremala akimpenda na glasi hii mkononi, mimi nitamwamini."

Nilizinywa zote mbili. Nilikwenda nyumbani nikaandika sura ile kwa siku tatu bila kula vizuri, na kuanzia siku hiyo hadi leo sijaandika kitu kizuri kama kile. Glasi ilikuwemo. Barafu mbili zilikuwemo.

Aprili mhariri wangu akanipigia simu. Mtu mwema tu, ana haraka, anakaa mji mkubwa. Akasema, "Curtis, sura ni tamu, lakini maji ya soda hayatongozi mtu. Mpe jin."

Nilibishana? Ndugu zangu, ningependa kuwaambia nilibishana. Nilisema, "Sawa." Simu haikufika dakika mbili. Nilijiambia ni glasi tu, nani ataitazama. Mimi, mwenyekiti wa chama ambacho sheria yake pekee ni kuhusu glasi! Kila mwanachama aliyewahi kubadilisha kinywaji cha Verna nyuma ya mgongo wake nilimsuta mbele ya wenzake. Zamu yangu ilipofika nikakibadilisha kwa neno moja, kwa sababu niliogopa kitabu hakitatoka.

Kitabu kikatoka, kikapendwa, na mji mzima ukamtambua mwanamke wa baa anayecheka ameziba pua. Mnakumbuka nini kilifuata? Mlikuwemo. Watu walijaa kaunta hii, wageni kwa wenyeji, kitabu mkononi: "Verna! Nipe bia, na wewe jimiminie jin yako, kama kitabuni!" "Verna, usituringie bwana, onja hata kidogo!" "Lo, leo umekuwa mtakatifu? Kitabuni hukuwa hivyo!" Waliagiza jin wakamwekea mbele yake, wakasubiri anywe wapige picha. Jumamosi moja nilikaa kwenye kona ile nikashuhudia mara kumi na saba. Kila mara alitabasamu, akageuka, akaimwaga kwenye sinki, na harufu ikabaki mikononi mwake. Hali hiyo iliendelea miaka miwili.

Mlidhani mnamfurahisha, na siwalaumu. Hamkujua. Mbali na Verna mwenyewe, mtu mmoja tu katika ukumbi huu alijua, na ndiye aliyeiandika ile jin.

Verna hakunigombeza hata siku moja. Aliniuliza swali moja tu, siku kitabu kilipofika: "Ile glasi ilikukosea nini, Curtis?" Nilimfuata jikoni, katikati ya magunia ya viazi, nikamwomba msamaha kwa sauti ya chini, na hapo hapo nikaharibu tena, nikasema ni mhariri. Akasema, "Haya." Basi. Watu wenu nyote aliendelea kuwachanganyia kila Jumanne. Nilipomletea wangu, alisema kwa upole kabisa, "Wako utawajua mwenyewe." Ndiyo maana kwa miaka kumi na mmoja wapenzi katika vitabu vyangu wanakutana kwa daktari wa meno. Bibi Harriet amenilalamikia mara nyingi kwamba vitabu vyangu vina meno mengi. Sasa umejua, Bibi Harriet.

Msimu uliopita haki za kukichapa kitabu kile zilinirudia. Nimekichapa upya, na nimeirudisha sura ile kama ilivyokuwa Februari. Leo asubuhi, kabla baa haijafunguliwa, nilimletea Verna nakala ya kwanza. Aliisoma amesimama, miwani iko kichwani ameisahau, kitabu amekisogeza mbali urefu wa mkono mzima. Alisoma ukurasa, akaurudia. Akasema, "Sasa ni yeye."

Nikapata ujasiri, jamani. Nikasema kile nilichotakiwa kukisema nikiwa na miaka hamsini, nikakisema nina sitini na moja. Nikasema, "Verna, usiende. Nakupenda. Kaa."

Alifunga kitabu. Alisema, "Mwaka ule ningekubali kabla hujamaliza. Nilikukasirikia muda mrefu sana, Curtis, na nilipokukasirikia nilikuwa bado nakupenda, usidhani vinginevyo. Hasira iliisha mwaka juzi. Ilipoondoka haikuondoka peke yake."

Nikamuuliza, basi kuna chochote ninachoweza kukufanyia? Akasema, "Kipo. Uliniomba msamaha jikoni. Jin waliniletea huku mbele."

Kwa hiyo niko huku mbele.

Mheshimiwa Diwani, Bwana Merle, ndugu wageni waalikwa, sikilizeni. Mwanamke wa kitabu changu ni Verna Kinnunen. Hanywi, na hajanywa kwa miaka ishirini na minane, na kuna siku alishinda vita hiyo mara kumi na saba mbele yenu, anatabasamu, kwa sababu yangu. Mhariri hakunilazimisha. Mimi ndiye niliyesema sawa. Verna alinionyesha alivyo hasa, mimi nikaona hapendezi vya kutosha kwa wasomaji, nikampamba kwa kitu kilichokaribia kumuua. Nilikosa, Verna. Nakuomba msamaha hapa, kwa sauti, wote wakisikia.

Usinijibu. Usisimame, tafadhali, ukisimama nitashindwa kumaliza.

Nenda salama. Dada yako ana bahati ambayo mimi niliishika mkononi nikaiachia kwa simu ya dakika mbili. Jumanne ijayo saa kumi mtu mwingine atakuwa nyuma ya kaunta hii, kijana mzuri, nimemwona, anajua vinywaji mia mbili kwa majina, na sisi tutampelekea watu wetu tumweleze viatu vyao. Mimi sitakuwa na wa kumpeleka. Niliyemwandika ni mmoja tu, katika vitabu vyote vile, na yeye anaondoka Jumamosi saa nne asubuhi.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunivumilia hadi hapa. Bernadette, sasa nakaa.