Daftari la Mkunga Lililokatwa Mgongo

Mbele ya karakana ya kujalidi vitabu, mahali njia mbili zinapokutana na maji ya kufulia yanapojipitia katikati yake, kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu na tofali moja. Siku hiyo walikuwapo wanne, nami wa tano pembeni. Jalada, mwenye karakana, mzee ambaye vidole vyake havijapata kutakata gundi tangu ujana. Betri, fundi simu wa kibanda cha pili, kijana mwenye jibu kabla ya swali. Rufaa, karani wa mahakama aliyestaafu, ambaye hajashindwa mabishano hata mara moja kwa kuwa hakubali kwamba yamekwisha. Na Mama Birika, ambaye kahawa yake iliwakusanya na ulimi wake uliwatawanya. Walikuwa wakiketi na kusimama, wakisimama na kuketi, maana saa saba ilikwisha kupita, na saa tisa gari lingefika kumchukua dada yake Jalada, mkunga wa mtaa ule, aende akakae kwa mwanawe, mbali. Kitabu chake, ambacho watu hawa walimwahidi kwamba atakibeba ndani ya kishikwambi, kilikuwa kimevurugika mikononi mwao kama lugha za wale wajenzi wa mnara.

Jalada: Nionyeshe tena.

Betri: Mzee wangu, nimekuonyesha mara nne. Haitabadilika kwa kutazamwa.

Jalada: Nionyeshe, bwana.

Betri akapitisha kidole juu ya kioo. Ukurasa wa kwanza, mapacha wa mshona viatu, ambao mwaka jana tu walianza shule. Wa pili, mwenye duka la rangi, ambaye ana wajukuu. Wa tatu ulianzia katikati ya maneno: "akapiga chafya, tukacheka wote."

Jalada: Chafya ya nani?

Betri: Ya mtoto.

Jalada: Mtoto yupi?

Betri: Sasa mzee, mimi ni fundi simu. Chafya za watu nazijuaje?

Yafaa ijulikane jinsi walivyofika hapo. Kwa miaka zaidi ya hamsini, mkunga aliandika kila uzazi katika daftari la shule. Daftari likijaa alimletea mdogo wake, naye akalishona pamoja na yaliyotangulia, hata yakawa kitabu kimoja kinene kama tofali. Aliandika siku na hali ya hewa, akaandika mambo yalivyokwenda, na jina la mtoto akaliweka mwisho. Mwaka hakuuandika. Namba za kurasa hakuziweka kamwe. Alisema kwamba mfalme aliyewahesabu watu aliwaletea tauni, na yeye hatawapiga namba viumbe ambao Muumba anawajua kwa majina. Kisha macho yake yakafifia. Daktari akamwambia hana dawa ya kumpa. Lakini siku moja alishika kishikwambi cha Betri, akaona kwamba herufi ikivutwa kwa vidole viwili hukua hata ikawa kubwa kama kiganja. Akalia. Akaomba jambo moja tu: niwekeeni daftari langu humu.

Ili kurasa zilale sawasawa zipigwe picha, Jalada alikata mgongo wa kitabu kwa kisu chake. Hapo hakukosea, kazi ndivyo inavyotaka. Kosa lilikuja baadaye, pale kila mmoja alipotia mkono katika lile bunda kutafuta kwanza ukurasa wenye jina lake. Rufaa aliuvuta wake kutoka chini. Betri akauvuta wake kutoka kati. Mama Birika akachambua bunda zima kama mtu anayechagua mchele. Jalada mwenyewe alitafuta jina la kifungua mimba wake. Nami nilikuwapo, nikatia mkono wangu. Nikasoma kwamba nilizaliwa Alhamisi yenye ukungu, nikaridhika, nikaurudisha ukurasa popote, nikaenda zangu. Mtu akishajiona katika kioo huona kwamba ameona vya kutosha.

Betri: Msihangaike. Hii tableti ina akili. Tuichomeke kwenye umeme, tuiache. Ikishiba chaji, inajipanga yenyewe.

Mama Birika: Inajipanga kwani ni foleni?

Betri: Mama, usiseme usichokijua. Humu ndani kuna picha mia sita na nne, na zote inazikumbuka.

Jalada: Hiyo hesabu usiitaje mbele ya dada.

Rufaa: Inazikumbuka kwa mpangilio upi?

Betri: Kama tulivyopiga.

Rufaa: Na tulipigaje?

Betri: Ovyo. Lakini haraka haraka haina baraka, ndiyo maana mimi nilipiga upesi tumalize.

Rufaa: Basi inakumbuka ovyo. Tena vizuri sana.

Jalada akasimama, akaenda hadi kona, akatazama njia, akarudi. Kikombe chake kilikuwa kimejaa na kimepoa.

Rufaa: Ketini niwaelezeni. Kisheria hakuna kosa lililotendeka. Kitabu kisicho na namba, mwanzo wake ni popote kinapofunguliwa. Nani atathibitisha vinginevyo? Shahidi yuko wapi? Mficha uchi hazai.

Mama Birika: Hiyo methali imeingiaje hapo?

Rufaa: Tunazungumzia uzazi au hatuzungumzii?

Mama Birika: Mungu wangu!

Rufaa: Na kama lazima uwepo mwanzo, basi tufuate vyeo. Waliotumikia umma watangulie. Ukurasa wangu uwe wa kwanza, si kwa kupenda kwangu.

Betri: Wewe ulikuwa unagonga mihuri.

Rufaa: Muhuri ndio serikali, kijana.

Jalada: Rufaa, dada yangu anaondoka. Hajui kama atarudi. Kile kitabu ndicho maisha yake, na wewe unatafuta pa kukaa mbele.

Moyo wa Rufaa, ambao haukuwa mbaya, ukamrudia.

Rufaa: Haya, kaka, nisamehe. Lakini wewe si ndiye uliyeshona? Kila daftari si lilipita sindano yako? Fuata matundu. Kurasa za daftari moja zina matundu yanayolingana.

Betri: Sasa hapo umeongea!

Jalada: Matundu yako mgongoni.

Rufaa: Lete huo mgongo tuulinganishe.

Jalada aligeuka. Alilitazama jiko la Mama Birika. Wengine nao wakalitazama.

Mama Birika: Mbona mnanikodolea macho?

Jalada: Vile vipande vya karatasi nilivyokupa asubuhi.

Mama Birika: Vya kuwashia moto? Vikavu hivyo! Vina gundi na nyuzi, vimeshika kwa kiberiti kimoja tu. Nikasema leo mzee kanifaa.

Jalada: Ndivyo hivyo.

Mama Birika: Ndivyo nini?

Jalada: Ndio mgongo.

Kila mtu akatazama ndani ya kikombe chake. Yuko mfalme wa zamani aliyelikata gombo kwa kisu cha mwandishi, kipande baada ya kipande, akavitupa katika moto uliowaka mbele yake hata gombo lote likateketea. Naye alifanya hivyo kwa kiburi. Hawa walifanya kwa ukarimu, jirani akimsaidia jirani kuwasha jiko. Lakini moto hauulizi nia ya mtu.

Mama Birika: Jamani, sikujua. Wallahi sikujua.

Jalada: Mimi nilijua. Mikono ilikuwa inafagia meza, kichwa kilikuwa kwa mwanangu.

Mama Birika alivua kitambaa cha kichwani, akakifunga upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

Mama Birika: Sikilizeni. Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo tuyafuate yanakokwenda. Tuite mtaa mzima. Kila aliyezaliwa na Mama Mkunga aje asimame barabarani, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Kila mmoja ashike ukurasa wake. Halafu Betri apite anapiga picha kuanzia kichwani mpaka mkiani.

Betri: Mama! Hiyo ni akili!

Rufaa: Foleni itafika sokoni.

Mama Birika: Ifike! Magari yasimame.

Betri: Mimi nitapanda juu ya pikipiki, napiga huku inatembea. Na walioko safarini?

Mama Birika: Watashikiwa na ndugu zao.

Rufaa: Na wale wasiojua umri wao?

Mama Birika: Watapimwa kwa mvi.

Betri: Na wanaopaka rangi?

Walicheka, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na kicheko kile kikawapandisha juu kabisa. Tayari Rufaa alikuwa anaandika tangazo juu ya goti lake.

Jalada: Na waliokufa?

Mama Birika: Nani?

Jalada: Wale waliokufa siku ileile waliyozaliwa. Nao wameandikwa humo. Nani atawashikia kurasa?

Rufaa akalikunja tangazo. Ikasikika saa ya msikiti, au ya kanisa, sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba ilikuwa nane na nusu.

Betri akasogea karibu na mzee, akashusha sauti, ingawa sote tulimsikia.

Betri: Mzee wangu, nisikilize mimi mwanao. Mama haoni vizuri. Tukimpa hivi hivi, tumwambie vitabu vya siku hizi havianzi mwanzo. Unaingia popote, kama sokoni. Ataamini. Akishafika huko kwa mwanawe, nani atamwambia?

Jalada: Nimdanganye dada yangu?

Betri: Si kumdanganya. Ni kumsitiri.

Rufaa: Kuna tofauti. Kisheria kuna tofauti.

Jambo hili lilikaa katikati yao kama sahani ya chakula mbele ya wenye njaa, na sitasema kwamba hakuna aliyelitamani. Yakobo naye alimwendea baba asiyeona, amevaa ngozi ya mbuzi mikononi, akala baraka isiyokuwa yake. Na miaka mingi baadaye wanawe walimletea yeye vazi lililochovywa katika damu ya mbuzi. Mwenye kulitumia giza la mwenziwe hulipanda, naye hulivuna. Jalada alikishika kile kishikwambi, akakifuta kwa mkono wa shati, akakifuta tena. Na kabla hajaamua, tukasikia fimbo ikigonga mawe ya kona.

Alikuja mwenyewe, mkoba begani, amevaa viatu vya safari.

Mkunga: Nasikia harufu ya kahawa na ya watu wanaobishana. Hamjambo, wanangu?

Betri: Shikamoo, Mama.

Mkunga: Marahaba. Wewe ni Betri. Ulitoka umetanguliza makalio, na bado unaingia kila mahali kinyumenyume. Mdogo wangu yuko wapi?

Jalada: Niko hapa, Dada. Dada, nimekukosea. Tumezichanganya kurasa. Hatujui ipi inatangulia ipi.

Alisema yote kwa pumzi moja, hata habari ya jiko. Mkunga alisikiliza huku amemgeuzia sikio. Hakukemea. Akapapasa benchi, akaketi, akanyoosha mkono.

Mkunga: Nipe kwanza nione.

Akaweka vidole viwili juu ya kioo, akavitanua. Mwandiko wake ukafura, nukta zikawa kama punje za mahindi. Akakisogeza mpaka kikakaribia kugusa pua.

Mkunga: Loo! Kumbe mwandiko wangu ni mbaya hivi!

Mama Birika akacheka huku akijifuta macho. Mkunga akaanza kusoma, neno kwa neno, kama mtu anayevuka maji kwa kukanyaga mawe. Alisoma chafya, akacheka. Alisoma mapacha, akataja jina la bibi yao. Kwa muda ikaonekana kwamba mpangilio si kitu, na Rufaa akaanza kututazama kwa uso wa mtu aliyeshinda kesi. Kisha mkunga akafungua ukurasa mwingine.

Mkunga: "Jumapili. Upepo mkali, bati linagonga. Mama amechoka, hana nguvu tena. Mtoto ametoka, rangi ya majivu, kimya. Nimemshika miguu, nimempiga mgongoni mara moja, mara mbili. Nimempulizia kinywani. Nimemwambia mama asitazame. Mara ya tatu..."

Ukurasa ukaishia hapo. Akausukuma kwa kidole.

Mkunga: "Jumatatu. Manyunyu. Msichana, ana nywele nyingi..." Hapana. Siye huyu.

Akarudi nyuma, akasoma tena mpaka mara ya tatu. Akaenda mbele, kurasa mbili, kurasa tano.

Mkunga: Jina huwa naliandika mtoto akishalia. Hapa sijaliandika. Ni nani huyu?

Jalada: Hukumbuki, Dada?

Mkunga: Wamekuwa wengi, baba. Mikono inakumbuka uzito wao. Kichwa kimechoka. Bati linagonga ninalisikia, huyo mama namwona amegeukia ukuta. Mbele ya hapo sioni kitu.

Jalada alitazama chini. Betri akakitwaa kishikwambi kwa adabu, akapitisha kidole mbele, akakipitisha nyuma, upesi upesi, kurasa zikikimbia kama miti ukiwa ndani ya gari. Nami nilijitafutia neno la faraja, mimi niliyezoea kuwa nalo, nikakumbuka tu Alhamisi yangu na ukungu wake.

Gari likafika kwenye kona. Dereva akapiga honi mara mbili.

Mkunga: Jamani, kurasa hizi si mlizishika zote kwa mikono yenu? Nauliza tu. Alilia, au hakulia?