Pemba ya Maman na Swali la Jaji

Ndugu zangu, Bwana asifiwe mara moja, halafu tena! Bon, leo nimekuja kushukuru tu, kwa hiyo mkinisikia nacheka katikati ya maneno, mnivumilie.

Nilizaliwa Lubumbashi. Nikiwa mtoto, ukoo wetu ulinitoa kwa ukoo mwingine ili kumaliza kesi ya mtu aliyeuawa. Mtu kwa mtu! Wakubwa wangu wapya wakanileta hapa Ubelgiji, Bruxelles, mtaa wa Laeken. Nilipika, nilifua, nililea watoto. Mshahara hakuna. Pasipoti yangu aliishika tonton, mkubwa wa ukoo.

Niliyemhudumia ni Maman, dada yake. Alipougua sana aliita wamama wa maombi, akanipaka pemba, ule udongo mweupe wa baraka, kwenye paji la uso. Akasema, "Mwanangu, kuanzia leo uko huru. Wende na amani." Baada ya siku chache akafariki.

Tonton akakataa! Eti pemba ya mwanamke peke yake si kitu, lazima wazee wa ukoo wakae kikao. Na mimi nilimwamini, ndugu zangu. Nilijilaumu hata kwa kunawa uso siku ile na kuiondoa pemba! Wamama wa maombi ndio walionikokota kwa wakili, kesi ikafika mahakamani.

Wakili wa tonton alisema mimi ni ndugu wa nyumbani, nasaidia kwa upendo. Jamani, alisema vizuri! Nikaona nimekwisha. Lakini wamama walipoanza kueleza habari ya pemba, tonton akaruka juu, kiburi kimempanda, akasahau hata Kifaransa chake: "Ile pemba haina kazi! Muntu wa ukoo, bakubwa tu njo banaweza kumuachilia!"

Mkalimani akatafsiri yote: mtu wa ukoo, wakubwa tu ndio wanaoweza kumwachilia. Wakili wake akashika kichwa.

Jaji akamwuliza polepole, "Donc, bwana, kabla ya pemba hakuwa huru?"

Mungu wetu humfanya hata adui kuwa shahidi!

Jaji akaamua kwamba hakuna haja ya kupima kama Maman alifuata desturi. Hakuna aliyeweza kunipa uhuru, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na haki ya kunimiliki. Pasipoti nirudishiwe.

Nje nikamwuliza wakili wangu, "Sasa niende wapi?"

"Unapotaka, madame."

Ndugu zangu! Nilikaa kwenye ngazi za mahakama nikacheka mpaka machozi yakatoka. Aksanti Yesu! Na wewe unayengoja ruhusa ya mtu ili uanze kuishi, mtumaini Bwana, inuka, njoo hapa mbele. Nitakushika mkono.