Desmond Tipene na Yoti Iliyotazama Kushoto

Baada ya miaka thelathini na minane ya kuunda yoti zisizoweza kubeba hata panya, Bw. Desmond Tipene anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi. Karakana yetu hapa Auckland inampoteza fundi wake bora. Msihofu. Wa pili kwa ubora ndiye anayeandika haya, na kuanzia Jumatatu atakuwa wa kwanza.

Des alianza kwa kupiga msasa, na kwa kasi yake, wengine tunaamini bado anaumalizia ubao ule ule. Matajiri humletea michoro ya yoti zao wakitaka mfano wa sebuleni, kila kamba mahali pake, naye huwatajia siku ya kumaliza bila hata kutabasamu. Kuna aliyeagiza akiwa bwana harusi, akaja kuchukua mzigo akiwa na talaka. Hakulalamika. Mke alipata yoti, yeye akapata mfano.

Lakini sifa kubwa ya Des iko kwenye ukuta wa klabu moja ya yoti. Walituagiza nusu-mifano, yaani ubavu mmoja tu wa chombo, unaochongwa na kubandikwa juu ya ubao. Desturi ya kazi hii ni moja: omo, yaani pua ya chombo, hutazama kulia. Mwaka ule hatukuwa na mteja mwingine wa maana. Klabu ikituacha, karakana inafungwa. Des akaichonga Kotare, yoti yao ya zamani, laini kama yai.

Sasa, sisi huchonga chombo kikiwa kimepinduliwa, mkuku, ule uti wa chini, ukiwa juu. Pale mezani omo ilitazama kulia vizuri kabisa. Ukiisimamisha, inatazama kushoto. Des hakuona. Hata mimi sikuona, na mimi huona kila kitu.

Siku ya sherehe ikatundikwa katikati ya wenzake, ikiwaendea wote uso kwa uso kama mlevi barabarani.

Mwenyekiti wao, Bw. Oakden, akaweka glasi chini. "We Des, hii nayo inakwenda wapi?"

Bosi wetu Lorraine akawa anatafuta mlango kwa macho.

"Haiendi, bwana. Inarudi," Des akasema.

"Inarudi kufanya nini?"

"Kumchukua Hemi."

Kila mtu pale aliyajua mashindano yale ya zamani: Kotare inaongoza, Hemi, kijana wa yoti ya nyuma, anaanguka majini, na ni Kotare peke yake iliyogeuka kumwokoa. Ikamaliza ya mwisho. Hemi mwenyewe, sasa babu wa watu, alikuwepo na sahani yake ya soseji. Akaisogelea yoti ile.

"Asiiguse mtu," akasema. "Iacheni ije."

Haijaguswa mpaka leo, na klabu haijawahi kwenda kwa fundi mwingine. Tumemuuliza Des kama jibu lile alikuwa nalo tangu nyumbani au lilimjia pale pale. Hujibu kwamba anasikia birika linachemka.

Ahsante, mzee, kwa kuziokoa kazi zetu mchana ule ule uliotaka kuzizamisha. Mkeo Ngaire tunampa pole mapema. Nasi tulio bado na karakana ya kuingia asubuhi tunakuombea uzee mtamu, uende polepole kama kazi zako.