Mama Vibanio na Kamba Mbili za Uani

Marehemu dada yangu, ambaye hospitalini na mtaani alijulikana kwa jina la Mama Vibanio, alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mkewe. Mimi ninayewasomea ni wa pili, na ni wa mwisho. Mama yetu alipenda kusimulia kwamba uchungu ulimshika nguo zikiwa kwenye beseni, ikabidi jirani amalizie kuzifua na kuzianika. Dada alipoisikia habari hiyo alikuwa na swali moja tu: huyo jirani alizianikaje? Mama hakuwahi kupata jibu la kumridhisha.

Alianza darasa la kwanza Januari 1957 katika shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya kiwanda cha matofali, akamaliza darasa la nane mwaka 1964. Vumbi la kiwanda lilikuwa jekundu na sare zetu zilikuwa nyeupe, kwa hiyo fikirieni wenyewe hali ilikuwaje. Dada, akiwa na miaka kumi, ndiye aliyegundua kwamba shati likigeuzwa ndani nje kabla ya kuanikwa, vumbi litatua upande usioonekana. Kuanzia siku hiyo sisi wawili tulikuwa watoto weupe kuliko wote mstarini. Pia kuanzia siku hiyo hakukuwa na mtu aliyeweza kumwambia chochote kuhusu nguo.

Tarehe 1 Juni 1968 aliajiriwa chumba cha kufulia cha hospitali, akawa msimamizi mwaka 1983, akastaafu tarehe 31 Machi 2004. Kwa miaka karibu thelathini na sita, shuka za wagonjwa zilipita mikononi mwake. Kamba zilikuwa nane, nyuma ya jiko, naye alizijua kama mtu anavyojua watoto wake: ipi inapata jua la asubuhi, ipi inalegea, ipi inapigwa na moshi. Jina la Mama Vibanio alilipata siku aliyoitwa ghafla kwenye kikao cha wakuu wa idara, akaingia na vibanio kumi na kimoja vimebana kwenye kola yake. Alizungumza robo saa nzima kuhusu uhaba wa sabuni na hakuna aliyethubutu kumwambia. Sabuni ilipatikana.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1973 na fundi bomba, mtu mpole, mcheshi, ambaye kosa lake kubwa katika ndoa lilikuwa kumfungia mkewe waya wa chuma uani badala ya kamba. Waya ulipata kutu, ukachora mstari wa rangi ya chai kwenye shuka ya harusi. Dada alinuna siku nne. Siku ya tano shemeji akarudi na kamba ya nailoni, akaifunga bila kuulizwa. Yeye nguo zake za kazi alizitundika kwenye msumari na kuziacha hapo. Dada akimkemea, alikuwa anasema, "Mke wangu, nguo ikikauka imekauka. Mengine hayo ni siasa." Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, ambaye leo ni fundi wa majokofu nchi ya mbali. Hakupata ruhusa ya kusafiri kwa wakati, na anatusikiliza kwa simu aliyoishika jirani yetu pale mbele. Shemeji alifariki tarehe 2 Novemba 1998.

Mtoto huyo wa dada alinipigia juzi, akaniomba haya ya nguo niyapunguze. "Mama mdogo, watu watacheka." Nimemjibu kwamba wacheke. Nimekuwa mpiga chapa ofisini miaka thelathini na miwili, nikichapa maneno ya wengine kama yalivyo. Leo nimechapa yangu.

Nilihamia kwa dada mwaka 2012 nilipostaafu, na masanduku mawili. Mimi sikuolewa. Yeye alikuwa mjane, mwanawe amekwenda, na nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na redio moja. Tuliishi vizuri. Tulikula meza moja, tuligombania redio, tulisengenya waliostahili kusengenywa. Shida yetu ilikuwa uani. Dada aliamini shati linaanikwa kwa pindo, kichwa chini miguu juu, ndani nje, ili kibanio kisiache pembe mabegani. Mimi naanika shati kama linavyovaliwa. Soksi kwake zilibanwa kwa vidole, pacha kwa pacha. Nguo za ndani zilikaa katikati ya kamba, chini ya shuka iliyozificha pande mbili. Nikamwambia, "Dada, nani atakodolea macho chupi za vikongwe wawili?" Akasema, "Si wao wanaoona. Ni mimi ninayejua."

Mimi nilikuwa naanika, naingia ndani, na nikichungulia dirishani namwona anabandua kibanio kimoja kimoja na kuanika upya kila nilichoanika. Hakugomba, hakuguna. Alikuwa anafanya polepole, hata anaimba kidogo. Ndicho kilichoniudhi. Miaka tisa nilivumilia, na nakiri kwamba mara nyingine nilianika vibaya makusudi, basi tu.

Jumamosi tarehe 16 Januari 2021, nilikuta blauzi yangu ya krimu, niliyoianika dakika kumi zilizopita, imegeuzwa na kuning'inizwa kwa pindo. Sijui siku hiyo nilikuwa na nini. Nilimjia juu. Nilisema, "Dada, kazi ya hospitali uliiacha. Hapa si wodini, na mimi si mgonjwa wako. Nguo zangu usiziguse tena."

Akanitazama. Akasema, "Haya."

Jumatatu nikanunua kamba yangu, nikaifunga sambamba na yake. Nilitegemea itachukua wiki moja, mbili zikizidi, atarudi kuzigeuza nguo zangu. Hakurudi. Mwezi wa Aprili nilikwenda posta, mvua ikanyesha ghafla. Niliporudi, kamba yake ilikuwa tupu, nguo zote ameanua. Zangu zilikuwa kambani zimelowa chapachapa. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi kizingitini, kapu langu mapajani, nguo aliyoivaa imelowa begani. Maana yake alitoka nalo kwenye mvua, akafika kambani, akasimama. Akaniambia, "Ulisema nisiziguse."

Hakusema kwa kukomoa. Ndugu zangu, alikuwa anauliza. Nililiona hilo usoni mwake, nikalielewa, na kiburi kikanivaa nikajibu, "Sawasawa. Ndivyo nilivyosema." Nikachukua kapu langu nikaenda kuanua mwenyewe.

Ilikaa hivyo miaka miwili. Msidhani tuliacha kuongea. Tuliongea kila kitu, bei, wagonjwa, mpwa wangu, tumbo la jirani. Ila siku za kufua kila mmoja alitoka kwa wakati wake. Nilikuwa nasimama kwenye kamba yangu najisikia mtu aliyeachwa stesheni, na dada yangu yuko hatua ishirini kutoka hapo, ndani, anasubiri niondoke ili naye atoke. Nilimkosa akiwa hai, katika nyumba moja. Hilo sikujua kama linawezekana.

Alianza kuugua Julai 2022. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na daktari akasema moyo umepanuka. Alilazwa mara tatu. Kufikia Februari 2023 hakuweza tena kuinua mikono juu ya mabega, na kufua kwetu wote wawili kukawa kwangu. Kiti chake nilikiweka kwenye dirisha la jikoni linalotazama uani. Nguo zake nilizianika kwake, kwa pindo, ndani nje, soksi pacha kwa pacha. Zangu nilizianika kwangu nilivyozoea. Nilidhani hiyo ndiyo heshima. Nilikuwa nageuka kumtazama, naye anatazama kamba.

Alhamisi tarehe 8 Juni, saa tisa alasiri, nilichukua kapu nikaanika kila kitu kwenye kamba yake, vyangu na vyake pamoja, na nilianika kama mwendawazimu. Shuka niliibana kwa pembe moja. Mashati mabega juu. Soksi moja huku, nyingine kule. Chupi zetu nilizipanga mbele, zikitazama barabara. Muuza mkaa aliyekuwa anapita alisimama kabisa. Nilitaka dada agonge kioo. Nilitaka anifokee, aniite mjinga, anyanyuke hapo kitini aje ageuze hata soksi moja, nami nisimame pembeni nimwache.

Nikaingia ndani. Nikamuuliza, "Dada, umeona nilivyoanika?"

"Nimeona."

"Basi sema."

Akazitazama nguo. Akasema, "Ni sawa tu, mdogo wangu. Zitakauka."

Nikajua anaondoka. Katika miaka yangu sabini na moja sikuwahi kusikia neno hilo kwake kuhusu nguo yoyote ya mtu yeyote. Nilitoka nikaanika zote upya, kama alivyofundisha, na niliporudi alikuwa amesinzia, kwa hiyo sijui kama aliona. Alifariki kitandani mwake siku iliyofuata, Ijumaa tarehe 9 Juni 2023, saa moja kasoro dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Watu wazuri wameniambia kwamba lile neno lake lilikuwa msamaha. Huenda. Huenda pia alikuwa amechoka, au alikuwa anatii tu nilichomkataza, kama alivyotii siku ya mvua. Sitajua. Ninachojua ni kwamba mwaka 2021 nilimkataza mtu mzima, dada yangu, kitu alichopenda kunifanyia, na nilikuwa na siku mia nane na zaidi za kumwambia, "Dada, nianulie." Ni maneno mawili. Niliyachapa ili nione urefu wake. Hayafiki hata nusu ya mstari.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wawili aliowajua kwa simu, wafanyakazi wenzake wa chumba cha kufulia ambao nawaona wameketi safu ya tatu, na mdogo mmoja.

Mwenyezi Mungu aipe mikono yake mapumziko, na ampokee kwa upole zaidi kuliko nilivyompokea mimi pale kizingitini.