Simu Isiyokuwa na Mama Mkwe

Bwana asifiwe wamama, na nyinyi wazee wachache mliojificha huko nyuma karibu na chai. Nimeambiwa nisimame niwaeleze jinsi Mungu alivyoinua kazi yangu ya kupikia sherehe, na mwenyekiti amenionya nisiongee sana. Nitajaribu. Majina sitataja, kwa sababu wengine wako hapa, na wengine ni ndugu za walio hapa. Embu si kubwa hivyo.

Mnanijua kama mama masufuria wa mtaa wa Majimbo hapa mjini. Lakini kwetu ni Kiirua, kule Meru, nimezaliwa katikati ya viazi, nikaolewa huku. Mkahawa niliokuwa napikia hapa mjini ulipofungwa, nilinunua masufuria na tenti mbili, nikasema sasa nitapikia harusi, ruracio ya kuleta mahari, matanga, mahali popote penye watu wenye njaa. Kupika najua. Hata adui yangu hajawahi kusema mukimo wangu, viazi vya kupondwa na mahindi, ni mbaya.

Kilichonitesa si moto, ni simu. Siku hizi mteja hapigi, anatuma meseji. Anataka menyu, anataka bei, anataka jibu saa hiyo hiyo. Na mimi wakati huo mikono iko ndani ya viazi mpaka kwa viwiko. Nikija kunawa jioni, nakuta ameandika, "Usijali, tumepata mwingine." Nilichukia hilo neno usijali, nawaambia. Kazi ikapungua mpaka nikauza tenti moja. Nikaanza kuwaambia wamama wawili ninaopika nao wabaki nyumbani. Ndugu zangu, kumwambia mama mwenye watoto "wiki hii usije", halafu wiki inayofuata umwambie hivyo tena, inauma sana. Nikaamua kwamba mambo yasipogeuka nitauza masufuria yote, nirudi Kiirua nikalimie watu viazi.

Basi kuna dada yetu wa kikundi hiki anayeuza mapazia Meru mjini. Alinikuta nimekaa dukani kwake nalia kwa pazia ambalo sikuwa hata nanunua.

"Unalia nini na kuna kitu cha kujibu hizo meseji?" akaniuliza.

"Sina pesa ya kuandika karani."

"Kwani mimi niko nayo? Ni hii akili bandia, hii wanaita AI. Lete simu."

Tukakaa hapo siku nzima. Tukaiambia ninapika nini, nauza vipi, siku gani siko kazini. Kutoka hapo, mtu akiuliza nikiwa jikoni, simu inamjibu yenyewe kwa heshima, inamwambia mama atakupigia akimaliza kupika. Mwanzoni heshima ilizidi. Ilimwandikia mzee mmoja wa Mbeere "mteja wangu mpendwa", na kabla maji hayajachemka mkewe alikuwa amenipigia kuuliza ni mpendwa wa nani. Nilijieleza mpaka nikatoa jasho. Mwishowe yule mama mwenyewe akaniita nipikie harusi ya mtoto wao, lakini mzee hakuruhusiwa kukaribia jikoni!

Kitu kingine kilichonisaidia ni kupima chakula. Nikiiambia watu ni wangapi na wengi ni vijana au wazee, inanikadiria mchele na vitunguu, na sikutupa tena sufuria nzima ya pilau. Wamama wangu wakarudi kazini. Nikaanza kutembea hapa Majimbo kichwa juu. Nilivimba, niseme tu ukweli, nikaona hii simu inajua kila kitu.

Ndipo ikaja ile ruracio.

Msichana wa hapa Embu alikuwa anaolewa na kijana wa Meru. Akaniambia, "Mama, panga kila kitu, hata viti. Nataka familia zizoeane." Akanitumia majina ya watu na uhusiano wao. Mimi nikapeleka yote kwa simu: changanya watu wa pande mbili, wazoeane. Ikapanga, ndugu zangu! Meza kwa meza, kila jina na kiti chake, na sababu chini yake. Kwa meza kubwa ilimweka bwana harusi akitazamana uso kwa uso na mama wa msichana, na chini ikaandika, "ili wajenge uhusiano wa karibu". Mimi nikasoma hapo nikasema amina. Nikaenda kuchapisha kadi zenye maua.

Mnacheka? Chekeni. Hakuna mtu wa huu mlima asiyejua. Mkwe ni muthoni. Yeye na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali, hawali wakitazamana, wakikutana njiani kila mmoja anatafuta upande wake. Hiyo nimelelewa nayo Kiirua, na huku Embu ni hivyo hivyo. Lakini kadi zilikuwa zimepangika vizuri sana. Niliangalia maua, sikuangalia watu.

Siku ikafika. Wageni wa Meru wakaingia wakiimba, wakapokewa vizuri, wakaketi kwa kadi zao. Kijana akaona kiti chake, akaona na jina la mbele yake, akabaki amesimama kama mtu aliyekanyaga miiba. Halafu mama wa msichana akatoka nyumbani na wamama wenzake. Akasoma kadi. Akajifunika leso usoni, akageuka, akarudi ndani.

Tenti yote ikageuka kutazama mlango. Mzee mmoja wa upande wa Meru akamwuliza mwenzake kwa Kimeru, "Hawa wanatucheka?" Nikasikia, kwa sababu ni lugha yangu. Wazee wa hapa nao wakasema mama asipotoka, hakuna mazungumzo yataanza. Chakula kinapoa, wageni wanatafuta makoti yao. Nikajua nikiharibu ruracio ya watu, hakuna mtu kutoka hapa mpaka Meru ataniita tena hata kuchemsha maji. Na si mimi tu, hata wale wamama wangu wawili waliokuwa wamesimama na miko mikononi wakinitazama.

Nikaingia jikoni kwa yule mama. Alikuwa amekaa kwa kigoda anamenya ndizi ambazo hakuna mtu alikuwa amemwambia amenye.

"Ni nani amepanga viti?" akauliza bila kuniangalia.

Ningesema ni msichana wake. Ningesema ni watu wa kuchapisha. Nikasema, "Ni mimi, mama. Niliuliza simu."

Akaweka kisu chini. "Hiyo simu yako imeolewa wapi?"

"Haijaolewa, mama."

"Iko na mama mkwe?"

"Haina."

"Basi ingejuaje? Na wewe uliye naye?"

Wamama, nikaokota kile kisu nikaanza kumenya ndizi na mimi. Machozi yakanitoka. Yeye akanitazama, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka leso ikaanguka. Akasema, "Mimi sijakasirika, binti. Nimeona haya tu. Toa hiyo simu, niiambie vile watu huishi."

Akaongea, na mimi nikaandika. Mkwe na mama mkwe wasionane wakila. Wazee wa pande mbili watazamane, kwa sababu hao ndio wenye maneno. Wamama wa nyumbani wakae karibu na mlango wa jikoni. Na nikaongeza la aibu yangu: tenti ni moja tu. Simu ikajibu kwamba meza ya chakula ihamishwe katikati ya tenti, wanaume wachukue upande mmoja na wamama upande mwingine, na juu ya meza kuwekwe kitu kirefu cha kuzuia macho.

Mama akasikiliza nikimsomea, akaitikia kwa kichwa. "Sasa imeongea kama mtu aliyelelewa. Huko nje kuna migomba. Kata majani makubwa uweke hapo juu."

Lakini utahamishaje wageni wameketi bila kuwaaibisha? Hilo simu haikujua, na mama hakujua. Nilitoka nje nikamwona mchungaji aliyealikwa kubariki chakula, na Mungu akanipa wazo. Nikamnong'onezea, "Mchungaji, simamisha watu uombe. Lakini tafadhali usiharakishe."

Akanitazama, akatazama meza kubwa, akaelewa. Akasimamisha watu wote, akawaambia wafunge macho. Ndugu zangu, yule mtumishi aliomba! Aliombea chakula, akaombea barabara za Meru, akaombea mvua, ng'ombe, majani chai, walimu na wanafunzi. Na sisi tukivua viatu, tukibeba meza na viti kwa nyasi kama wezi, majani ya mgomba mgongoni. Mzee mmoja alifungua jicho moja, akatuona, akalifunga, akasema "Amina, endelea, mchungaji" kwa sauti kubwa.

Macho yalipofunguliwa, kila kadi ilikuwa mahali pake papya, wanaume huku na wamama kule, watu wakafuata majina yao, na katikati majani ya migomba yamesimama. Yule mama akatoka na wenzake wakiimba, akaketi upande wake, akala. Kijana akaketi upande wake, akala sahani mbili. Wazee wakaanza mazungumzo. Mimi nikaenda nyuma ya jiko, nikakaa kwa gunia la mkaa, nikamshukuru Mungu mpaka wamama wangu wakaja kuniinua.

Namshukuru dada wa mapazia. Nawashukuru wamama wangu wawili, wanabeba viti kuliko wanaume. Namshukuru yule mchungaji, ambaye kutoka siku hiyo anakula kwangu bure. Na yule mama, ambaye hajawahi kumwambia mtu ni nani aliharibu, ila kila akiniona ananiuliza kama simu imeshapata mchumba. Wale wageni wa Meru waliniita kwao wenyewe, na tenti ya pili nimeinunua tena.

Nyinyi wenye maduka, wenye saluni, wenye kuku, nawaambia msiogope hii akili ya simu. Iko na bidii na haichoki. Lakini ni mgeni hapa kwetu, na mgeni akiingia kwako unamwonyesha mlango, unamwonyesha mahali mzee huketi. Usipomwambia, usimlaumu akikaa kwa kiti cha mama mkwe.

Mimi niliiambia ikumbuke, na imekumbuka. Juzi niliitisha inipangie sherehe ya mtoto anayetimiza mwaka mmoja. Keki, maputo, basi. Kabla ya kunipa chochote ikaniuliza, "Je, mama mkwe ataketi wapi?"

Nikamtumia yule mama wa ruracio hiyo meseji. Akanijibu, "Mahari yake ni kiasi gani? Hiyo sasa ni yetu."